Nusu ya Marehemu

"Jina lako liko mwisho, Dokta," alisema Bi Salome. "Sasa mimi nifanyeje?"

Bi Salome alikuwa katibu wa kamati ya kupandisha vyeo katika chuo kimoja cha Shinyanga mjini, na wala hakuwa mtu mbaya. Aliigeuza kompyuta yake ili Dokta Abdulshakur Zamoyoni ajionee mwenyewe, kana kwamba hajawahi kuiona makala ile. Chini ya kichwa chake yalikuwapo majina mawili: William Makoye, kisha Abdulshakur Zamoyoni.

"Kwetu majina yanapangwa kwa alfabeti," Abdulshakur alisema. "M inatangulia, Z inafuata. Hakuna maana nyingine."

"Kwenu wapi?"

"Kwenye fani yetu. Dunia nzima wanafanya hivyo."

"Mwongozo wa chuo hauna fani yenu, Dokta. Jina la kwanza ndiye mwandishi mkuu, na mwandishi mkuu ndiye anayepewa alama. Watu wa kilimo wanafuata hivyo, wa biashara wanafuata hivyo, wa uuguzi nao hivyohivyo. Sijasikia aliyelalamika."

Abdulshakur alikuwa anachezea funguo za gari. Alizitia mfukoni, akazitoa, akazitia tena. Alitaka kusema kitu kikali lakini mbele yake alikuwa mama wa watu aliyekuwa anafanya kazi yake.

Fani yake ilikuwa nadharia ya ugumu wa ukokotoaji, na msomaji asiyeijua asione haya, maana chuo kizima kilipata kuwa na watu wawili tu walioijua na mmoja alishafariki. Wenye fani hii huuliza ni maswali gani kompyuta inaweza kuyamaliza upesi, na ni yapi yatakayoishinda hata ukiiongezea nguvu namna gani. Kuthibitisha jambo moja dogo la aina hiyo kunaweza kumla mtu miaka. Wenzake wa idara nyingine walitoa makala kama maandazi ya asubuhi. Yeye maisha yake yote alikuwa na tano. Moja aliandika peke yake, na hiyo ilishahesabiwa zamani alipopewa uhadhiri. Tatu aliandika na watu aliosoma nao nje ya nchi, na kote humo jina lake lilikaa mkiani. Ya tano, iliyo bora kuliko zote, ndiyo hii aliyoandika na William Makoye, aliyekuwa mwanafunzi wake, kisha mwalimu mwenzake. Mwaka juzi pikipiki ya William iligonga ng'ombe karibu na Kolandoto wakati akienda kwao Kishapu kwa Krismasi, na hakufika.

Sasa chuo kilikuwa kimeleta utaratibu mpya: mhadhiri wa mkataba aliyekaa muda mrefu bila kupanda cheo hataongezewa mkataba. Kamati ingekaa Ijumaa. Bila alama za makala ile Abdulshakur hakuwa na cheo, bila cheo hakuwa na kazi, na bila kazi hata nyumba ya chuo aliyoishi na mkewe na binti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Kuna kifungu kimoja," Bi Salome alisema, akashusha sauti kama anayetoa siri ya serikali. "Kama mwandishi mkuu siye wa kwanza, mwenzake anaandika barua kuthibitisha kwamba mchango wa huyu ulizidi nusu. Hata ukizidi kidogo tu."

"Mwenzangu amefariki."

"Basi familia yake. Barua ya familia, yenye muhuri wa serikali ya kijiji."

"Familia ya William inajua nini kuhusu makala hii, Bi Salome? Mama yake analima pamba."

"Mwongozo hausemi wajue," alijibu Bi Salome. "Unasema wathibitishe."

*

Mwanne, mke wa Abdulshakur, alikuwa fundi cherehani, na alishonea barazani ili wateja wasipate tabu ya kubisha hodi. Alimsikiliza mumewe bila kuinua mguu kwenye pedeli. Alipomaliza kumsikiliza alikata uzi kwa meno.

"Basi kesho tunakwenda Kishapu," alisema.

"Mwanne."

"Mwanne nini? Muhuri hauji wenyewe."

"Nitamwambiaje mama aliyefiwa kwamba mtoto wake hakufanya kitu?"

"Nani amesema hakufanya kitu? Sema alifanya, lakini wewe ulifanya zaidi. Si ulimfundisha wewe? Si ulimtoa kwenye namba za dukani ukampeleka huko mnakokujua wenyewe?" Mwanne aliinuka, akakunja kitambaa, akakikunjua. "Hebu niambie. Lile jambo lenyewe, hilo lililofanya Wazungu wakuandikie, nani aliliona kwanza?"

Hapo ndipo penye mwiba. Tangu atoke ofisini kwa Bi Salome, Abdulshakur alikuwa anajaribu kukumbuka na hakuweza. Ilikuwa likizo, madarasa matupu, wao wawili mbele ya ubao. Walikuwa wamekwama kwa miezi. William alisema kitu ambacho hakikuwa sahihi, Abdulshakur akamcheka, halafu akasema kitu chake ambacho nacho hakikuwa sahihi. William akafuta nusu ya ubao kwa mkono wa shati, na katika kile kilichobaki jibu lilikuwapo. Walikaa kwenye madawati wakitazama. William alisema, "Hii ni yako, mwalimu," naye akasema, "Ya kwako hii, mimi nilikuwa napotea." Walibishana hivyo mpaka wakaenda kula chipsi, na hawakulizungumza tena, kwa sababu kwenye fani yao halizungumzwi. Walioandika wameandika wote.

"Sikumbuki," alisema.

Mwanne alimpenda mtu huyu, na katika miaka yote ya ndoa yao hakuna kilichomchosha kama ukweli wake. Wengine husema uongo kidogo ili nyumba isimame, yeye hata mwenye duka akimrudishia chenji iliyozidi alirudi nayo mguu kwa mguu.

"Kaka Maganga amepiga simu," Mwanne alisema. "Sijui nani kamwambia. Anasema shemeji aje Rwamgasa asimamie karasha."

Maganga alikuwa na karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, huko Rwamgasa machimboni, na kwa miaka mingi aliambiwa kwenye kila sherehe ya ukoo kwamba dada yake ameolewa na msomi. Alikuwa ametoa nafasi ile kwa moyo mkunjufu kabisa, na ndiyo maana iliuma. Sauti yake kwenye simu ilikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha.

"Safiya yuko darasa la saba," Mwanne aliendelea. "Mtihani uko mlangoni. Nimpeleke akasomee kwenye kelele za karasha? Kesho tunakwenda, mimi na wewe. Ukifika kule usiseme hukumbuki. Sema sabini. Sabini kwa thelathini, si haba kwa mwanafunzi."

Abdulshakur aliingia ndani, akatoka, akaenda kutazama maji kwenye rejeta ya gari, ambayo alikuwa ameshayatazama asubuhi.

*

Mama Maduhu, mama yake William, aliwaona tangu wanaegesha gari kando ya mabua ya pamba, akaja kwa haraka huku akijifunga kanga. Alikuwa mwanamke mrefu aliyeanza kupinda mgongo. Abdulshakur aliinama kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Marahaba, wanangu. Wabeja sana, asanteni kuja." Alimshika mikono yote miwili na hakumwachia. "Mwalimu wa William. Nilikuwa namwambia Maduhu, chuo kitakuja. Tangu mazishi sijaona mtu, lakini nilisema watakuja."

Mwanne alitazama pembeni. Walikuwa wamebeba sukari na sabuni na doti ya kanga, na vyote vikageuka vizito mkononi. Mama wa watu alidhani wamekuja kumtazama.

Hawakupata nafasi ya kusema. Kuku alikamatwa, na Mama Maduhu akamletea Abdulshakur yule kuku na kisu achinje mwenyewe, kwa kuwa William alishamfundisha zamani kwamba mgeni wake ni Mwislamu na nyama yake lazima ichinjwe na mkono wake. Abdulshakur alichinja akiwa amevaa shati la kazini.

Walipokuwa wanakula aliingia Maduhu, kaka mkubwa wa William. Alichechemea. Alikuwa amechimba dhahabu Rwamgasa miaka mingi, mpaka ukuta wa shimo ulipomwangukia mguu, akarudi nyumbani kwenye pamba na mbuzi. Alinawa, akala, akasikiliza habari za njiani na za mvua. Kisha Mwanne, alipoona mumewe anazidi kuguguna mfupa ambao haukuwa na kitu, akapiga moyo konde akasema lililowaleta.

Alisema vizuri. Alisema William alikuwa kijana wa heshima na makala ile ni ya wote wawili, ila chuo kinataka kujua nani alikuwa mkubwa katika kazi, na familia ikitoa barua mambo yatakwenda sawa.

"Barua ya kusema nini?" Maduhu aliuliza.

"Kwamba Mwalimu alifanya zaidi."

Maduhu aliweka tonge chini. "Twende kwa mtendaji," alisema.

Ofisi ya mtendaji wa kijiji haikuwa mbali. Mtendaji, Bwana Clemens, aliwakaribisha kwenye benchi, akachukua karatasi nyeupe na kalamu, akauliza kama hii ni mirathi.

"Hapana," Abdulshakur alisema.

"Mali ya marehemu inagawanywa?"

"Siyo mali. Ni makala."

"Makala ina ukubwa gani?"

"Kurasa kama thelathini hivi."

"Na iko wapi?"

"Iko kwenye mtandao."

Bwana Clemens alimtazama Maduhu, na Maduhu akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyekwisha kuona njia ya mchezo.

"Mwalimu," Maduhu alisema, "mimi sijasoma, lakini nimekaa machimboni. Kule mtu akikufuata mpaka kwenu na karatasi, anataka utie sahihi umwachie sehemu yako ya duara, lile shimo mnalochimba, ujue mawe yameshaonekana. Mimi nilitia sahihi mara moja. Mguu ulikuwa umevunjika, akaja jamaa na soda na maneno matamu. Siku chache tu wakafikia mwamba wenyewe. Watu walijenga nyumba, Mwalimu. Mimi nilikuwa kitandani."

"Hii haina dhahabu, ndugu yangu. Haileti hela."

"Kama haileti hela, kwa nini unaitaka?"

"Inanipa kazi."

"Kazi ina mshahara?"

Mwanne aliona uso wa mumewe unawaka moto. Alikuwa hajawahi kuona mtu akiaibika hivyo kwa kusema kweli. Bwana Clemens aliandika kitu kidogo kwenye karatasi yake, bila shaka neno mshahara.

"Sikatai kwamba ulikuwa mkubwa wake," Maduhu akaendelea, na sasa hakuwa na ukali. "Niambie moja tu. Kwenye duara kila mtu anajua jiwe la kwanza limeonwa na nani. Huwezi kusahau, hata ukiwa mlevi. Hilo jiwe lenu, nani aliliona kwanza?"

Ilikuwa nafasi yenyewe. Mwanne alimgeukia mumewe, na kwa macho alimwambia sabini, sabini, sema sabini. Mama Maduhu naye alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi, mikono mapajani, akimtazama mwalimu wa mwanawe bila wasiwasi wowote, kama anayesubiri kusikia habari njema.

"Sijui," Abdulshakur alisema.

"Hujui?"

"Tulikuwa wawili ubaoni. Alisema yeye, nikasema mimi, akafuta. Sijui ni nani."

"Basi nusu kwa nusu," Maduhu alisema, akapumua. "Mtendaji, andika. Nusu ya marehemu haiuzwi."

Ikaandikwa hivyo. Mama Maduhu alibonyeza dole gumba kwenye wino, muhuri ukapigwa, na Maduhu akampa Abdulshakur mkono kwa furaha ya mtu aliyemwokolea mdogo wake mali. Abdulshakur alimshukuru. Barua ile haikuwa na faida yoyote kwake, lakini aliikunja vizuri akaitia mfuko wa shati.

Wakati wa kuagana wanaume walitangulia kwenye gari. Mama Maduhu alimshika Mwanne mkono, akatembea naye polepole, akamrudisha nyuma kwa makusudi.

"Ile barua haiwatoshi," alisema.

"Haitoshi, mama. Wanataka izidi nusu."

"Nimeona uso wa mumeo. Sikiliza, mayu. Alhamisi Maduhu anapeleka mbuzi mnadani Mhunze. Hatakuwepo. Njooni twende kwa Clemens mimi na ninyi, aandike nyingine. Mimi ndiye mama, hawezi kunikatalia. Niambieni tu niseme ngapi."

Mwanne alihisi mzigo unamshuka mabegani. Alitaka kupiga magoti pale pale kwenye vumbi.

"Ila nikuulize," Mama Maduhu alisema. "Alikuwa akija likizo anakaa pale nje ananisimulia, mimi na Mwalimu tumeona hivi, mimi na Mwalimu tumeona vile. Mimi sielewi, napepeta tu mtama wangu. Sasa akipunguzwa, huko mbele mtu akisoma, atajua kwamba aliona? Au itakuwa kama alikuwa anambebea Mwalimu chaki?"

Mwanne alisema kwamba jina litabaki. Hilo lilikuwa kweli, na Mama Maduhu aliridhika. Lakini njia nzima ya kurudi Shinyanga, gari likitikisika na upepo ukiwapuliza vumbi la mashamba yaliyovunwa, kila Mwanne alipotaka kumwambia mumewe maneno ya yule mama alijikuta anafunga kioo, au anafungua kioo, au anauliza kama mafuta yanatosha.

*

Jumatano ikapita. Abdulshakur alishinda anaandika maelezo kuhusu desturi ya alfabeti, ukurasa baada ya ukurasa, akinukuu vyama vya wanahesabu wa huko na huko. Alimpelekea Bi Salome, naye akamjibu kwa upole kwamba ameyaweka kwenye faili.

Alhamisi asubuhi Mwanne alikaa kwenye cherehani mapema. Alikuwa na sare ya mtoto wa jirani, akashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, akafumua, akashona vilevile tena. Ndani alisikia mumewe anatembea kutoka sebuleni kwenda jikoni na kurudi. Saa hizi Maduhu alikuwa njiani na mbuzi wake. Mama Maduhu bila shaka alikuwa ameshavaa kanga mpya na anatazama barabarani.

Abdulshakur alitoka akasimama mlangoni. "Nilikuwa nafikiri," alisema. "Kama siku ile tungemkuta yule mama peke yake."

Mwanne alisimamisha gurudumu la cherehani kwa mkono. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Funguo za gari zilikuwa juu ya meza, mafuta yalikuwamo, na Kishapu hakukuwa mbali kiasi cha kumshinda mtu anayetaka. Alimtazama mumewe, shati limemlegea, macho mekundu, na moyo ukamuuma kwa huruma na kwa hasira.

"Ungefanya nini?" aliuliza.

"Basi tu. Nafikiri." Akarudi ndani.

Adhuhuri Mwanne alijitanda mtandio, akaenda mpaka barabarani, akasimama. Basi la kwenda huko lilisimama mbele yake, kondakta akamuuliza, "Kishapu, mama?" naye akasema hapana, anamngoja mtu. Alirudi nyumbani akampikia Safiya, na alipomuuliza mtoto kama amesoma, alimuuliza kwa ukali ambao mtoto hakustahili. Aliogopa. Kilichomtisha zaidi hakukiweka wazi hata kwake mwenyewe.

*

Ijumaa Abdulshakur alivaa koti. Kamati ilikuwa na mwenyekiti wa kilimo na wajumbe wa idara nyingine, na walimkaribisha vizuri, wakampa maji ya chupa. Bi Salome alisoma barua ya kijiji kwa sauti, pamoja na sehemu iliyosema mshahara, ambayo Bwana Clemens aliiandika kwa uaminifu wake wote.

"Nusu kwa nusu," mwenyekiti alisema. "Dokta, mwongozo unataka zaidi ya nusu."

"Najua."

"Sasa mwandishi mkuu ni nani?"

"Hayupo, mwenyekiti."

"Makala haiwezi kukosa mkuu."

"Hii haina."

Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mwenyekiti alivua miwani. Alikuwa mtu mzima mwenye makala nyingi sana kuhusu alizeti, na alisikitika kweli, lakini mwongozo ulikuwa mwongozo. Barua ikiwa haikuthibitisha kinyume, alama ziliendelea kukaa kwa jina la kwanza. Bi Salome alijaza kisanduku kimoja kwenye kompyuta, na kompyuta ikajumlisha yenyewe. Marehemu William Makoye, kama angekuwa hai Ijumaa ile, angestahili kuwa mhadhiri mwandamizi.

"Pole, Dokta," Bi Salome alimwambia kwenye korido. "Ungepata hata kidogo tu juu ya nusu."

Abdulshakur alisema asante. Alikwenda darasa lile la zamani, akakuta watu wa uuguzi wanafundishwa kufunga bandeji, akaomba radhi akafunga mlango.

*

Mwisho wa mwezi Maganga alileta kirikuu, gari dogo la mizigo, kutoka Rwamgasa. Alimkumbatia shemeji yake, akamwambia asiwe na wasiwasi, kwenye karasha ni kusimama tu na kuangalia mawe ya huyu yasichanganyike na ya yule, kazi ambayo hata mtoto anaiweza. Alisema hivyo ili kumtia moyo. Kisha akaenda kunywa soda dukani wakati wao wanamalizia vitu.

Safiya angebaki kwa jirani mpaka afanye mtihani. Alikuwa amekaa juu ya ndoo barazani, daftari magotini, akisoma kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika ili asisikie vitu vinaburutwa. Majirani walipita wakasema pole na kutazama ndani ili wajue kilichobaki. Mmoja alimuuliza Abdulshakur, kwa kuwa ni Dokta, kama anaweza kumwandikia dawa ya mgongo kabla hajaondoka, naye kwa mara ya mwisho akaeleza kwamba yeye si daktari wa aina hiyo.

Chumbani kilibaki kitanda. Walikifungua, wakaegemeza mbao ukutani. Cherehani ilishapakiwa, na bila sauti yake nyumba ilikuwa ngeni.

"Simlaumu Maduhu," Abdulshakur alisema. Alikuwa anazungusha kamba mkononi. "Alimtetea mdogo wake, hata mimi ningefanya vilevile. Lakini yule mama, nadhani tungempata peke yake angekubali."

"Alikubali," Mwanne alisema.

Kamba ikasimama.

"Wakati wa kuagana. Alisema twende Alhamisi, Maduhu akiwa mnadani. Alisema tumwambie tu aseme ngapi."

Abdulshakur alikaa kwenye ukingo wa godoro lililokuwa sakafuni. Barazani Safiya alikuwa anasoma habari za mito na maziwa. Alimtazama mkewe, na kwa kitambo uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa.

"Alhamisi nilikuwa hapa," alisema. "Siku nzima nilikuwa hapa, nazunguka kama kuku. Ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Wewe ndiye uliyesema sabini."

"Mimi ndiye niliyesema."

"Nyumba, Mwanne. Safiya. Wewe unakwenda kukaa kwa kaka yako ukisikia karasha mchana kutwa." Aliitupa kamba chini. "Kwa nini?"

Mwanne aliketi karibu naye. Alikuwa amelia peke yake kiasi cha kutosha wiki ile, na sasa macho yalikuwa makavu.

"Ningekwambia ungekwenda?" aliuliza.

Abdulshakur alitaka sana kusema hapana. Mwanne aliliona neno lile linapanda kooni kwake, akamwona analipima kama alivyopima kila kitu, ubao, chenji, jiwe la Maduhu. Alingoja. Hakumsaidia.

"Sijui," Abdulshakur alisema.

"Na mimi sikutaka kujua," Mwanne alisema. Alisimama, akashika pembe moja ya godoro, akamngoja ashike ya pili.